Mbinu ya Saaty ya Uamuzi wa Pamoja

Mbinu ya Saaty, ijulikanayo kimataifa kwa kifupi AHP, ni njia ya kufanya uchaguzi kwa kupima vigezo vingi kwa pamoja. Iliasisiwa miaka ya 1970 na Thomas L. Saaty (1926–2017), mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyefundisha Marekani.

Lengo huwekwa juu, vigezo chini yake, na machaguo chini kabisa. Kisha vitu hulinganishwa viwili viwili kwa kipimo cha 1 (sawa kwa sawa) hadi 9 (kimoja kimekizidi kingine kwa mbali mno). Majibu hayo ndiyo yanayokokotolewa kuwa uzito. Yakipingana kiasi cha uwiano wa mkanganyiko, yaani kipimo cha kupingana huko, kuzidi 0.10, hupaswa kupitiwa upya.

Ugumu huanza wanapoamua wengi. Mjumbe mmoja akisema bei ni muhimu mara 4 kuliko ubora, na mwenzake akasema kinyume chake, wastani wa kawaida wa 4 na 1/4 ni 2.125: bei imeshinda. Ligeuze swali, ubora nao unashinda kwa 2.125 ileile! Kwa hiyo hutumika wastani wa kijiometri, yaani kipeuo cha pili cha zao la namba hizo, ambao hutoa 1.

Lawama kubwa dhidi ya mbinu hii, iliyotolewa na Valerie Belton na Tony Gear mwaka 1983, ni kwamba chaguo jipya likiongezwa, yale ya zamani yaweza kubadilishana nafasi. Saaty aliitetea mbinu yake, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi.