Dirisha Lisiloombwa: Historia ya Kero za Kivinjari na Gharama Zake Dzaleka na Lilongwe

Mwaka 1994 ulikuwa na matukio mawili ambayo wakati huo hayakuhusiana kwa lolote. Huko California, kampuni ya Netscape ilitoa kivinjari chake cha kwanza. Katika Wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, Dzaleka, iliyokuwa gereza la wapinzani wa utawala wa Kamuzu Banda, ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha. Historia hizo mbili zilikutana mwaka 2010, pale mpango wa elimu ya juu wa Wajesuti ulipoanza kufundisha stashahada kambini kwa njia ya mtandao. Tangu hapo, kwa sehemu ya wakazi, kivinjari kimekuwa darasa.

Dirisha ibukizi lina asili inayojulikana. Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa Netscape mwaka 1995, iliupa ukurasa uwezo wa kufungua dirisha jingine bila idhini ya msomaji. Baadaye katika muongo huo Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika tovuti ya Tripod, aliandika msimbo wa kulitenga tangazo katika dirisha lake, baada ya kampuni ya magari kulalamika kwamba tangazo lake limeonekana kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Inafaa kukumbuka kwamba ni huyohuyo aliyeshiriki kuasisi Global Voices, ambayo ina toleo la Kiswahili. Aliyeiletea dunia kero hiyo hakuwa adui wa wasomaji wa Afrika. Alikuwa akitatua tatizo la mtangazaji, na gharama ikamwangukia mtu ambaye hakuwamo katika mazungumzo.

Vivinjari vilijibu. Opera na Mozilla vilitangulia kuyazuia madirisha hayo, na mwaka 2004 Internet Explorer ikafuata kupitia sasisho la pili la Windows XP. Lakini ushindi huo ulikuwa nusu. Watangazaji waliliacha dirisha, wakachora kisanduku ndani ya ukurasa wenyewe, mahali ambapo kizuizi cha zamani hakina cha kuzuia. Kuanzia 2015 Chrome iliruhusu tovuti kuomba ruhusa ya kutuma arifa, na baada ya kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data kuanza kutumika Mei 2018, maombi ya kukubali vidakuzi yalienea. Sheria iliyotungwa kumlinda raia wa Ulaya humfikia msomaji wa Dowa kama kizuizi kimoja zaidi, naye hukilipia kwa bando lake.

Suala la kumbukumbu ni gumu zaidi, na lawama zake mara nyingi hupotea njia. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilitenganisha vichupo katika michakato tofauti, ili kimoja kikianguka visianguke vyote. Mwaka 2018, baada ya kugunduliwa kwa udhaifu wa vichakato ulioitwa Spectre, utengano huo uliongezwa hadi kati ya tovuti na tovuti, na matumizi ya kumbukumbu yakapanda kwa takriban asilimia 10. Hiyo ni bei ya usalama. Ulafi halisi umo katika kurasa zenyewe, zilizojazwa msimbo wa matangazo na ufuatiliaji. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 ofisini Lilongwe tofauti haionekani sana. Kwenye kompyuta kuukuu ya gigabaiti 2 mfumo huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, kila kitu kinasita, na fomu iliyojazwa nusu inaweza kupotea kichupo kinapopakiwa upya.

Kulikuwa na njia nyingine. Opera Mini, iliyofunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006, ilibana kurasa kwenye seva kabla hazijafika kwenye simu, wakati mwingine kwa asilimia 90. Chrome nayo ilikuwa na hali ya kuokoa data, lakini Google iliifuta Machi 2022, ikieleza kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Malawi haikuwa mfano mzuri wa hoja hiyo.

Mwaka uliofuata, serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya Dzaleka warejee kambini, na Mei 2023 polisi walianza kuwakamata waliobaki mijini, Lilongwe ikiwemo. Malawi ilikuwa imeweka pingamizi kwa vifungu vya Mkataba wa 1951 kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, na agizo hilo lilisimama juu ya msingi huo. Aliyekuwa na duka au kibarua mjini alibaki na simu yake, na ukurasa ambao sasa ulipakuliwa kwa uzito wake wote.