Ukungu usoni mwa akina dada

Wadau, zile picha ambazo uso unang'aa kama umepitiwa na ukungu mwembamba, bila chunusi wala kunyanzi, hazikuanza na simu zetu. Mafundi huuita mtindo huo fokasi laini. Nimefuatilia historia yake, na cha ajabu ni kwamba aliyeupa jina mapema kabisa hakuwa na haja ya kumfichia mtu uzee.

Julia Margaret Cameron alipewa kamera Desemba 1863, akiwa na miaka 48, zawadi ya bintiye na mkwewe. Aliishi kisiwa cha Wight, Uingereza. Magazeti ya wapiga picha yalimsema vibaya, eti hajui hata kuweka lenzi sawa. Yeye akahoji: nani kampa mtu haki ya kuamua fokasi ipi ndiyo halali? Mwaka 1867 alimpiga picha mwanasayansi John Herschel, mzee wa miaka 75. Nywele timtim, makunyanzi yote yapo, na bado picha ni laini. Mimi naiona kama picha ya akili ya mtu, siyo ya ngozi yake.

Baadaye zikaja lenzi zilizotengenezwa makusudi. Miale inayopita pembeni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, hivyo picha kali inavalishwa ukungu juu yake. Ukilibana tundu la lenzi, ukungu unatoweka. Ndiyo maana Wamarekani walioukataa mtindo huu mwaka 1932, kule San Francisco, walijiita Group f/64, jina la tundu dogo kabisa. Mmoja wao, Imogen Cunningham, alikuwa ameanza kazi kwa picha hizo hizo za ukungu.

Lakini Hollywood ilikuwa imeshanogewa. Mwaka 1919 Hendrik Sartov alimlainisha Lillian Gish katika filamu ya Broken Blossoms, na wengi wakafuata. Asiye na lenzi ya bei alipaka vaselini kwenye kioo au alifunika lenzi kwa soksi ya hariri.

Na hapo ndipo ninapokereka. Herschel alilainishwa bila kufutwa umri. Akina mama wa sinema walifutwa. Tazama Star Trek ya 1966 hadi 1969: akitokea mrembo, ghafla ukungu. Kamera ikirudi kwa Kapteni Kirk, unahesabu hadi matone ya jasho.