Kazi ya shehena nyumbani: burudani isichelewe­she lori mpakani

Lori limefika Rusumo saa 4 asubuhi. Ofisa wa forodha anakuta uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na ule ulio kwenye orodha ya kufungashia, anarudisha nyaraka zirekebishwe. Marekebisho yenyewe ni kazi ya dakika 10. Lakini anayetakiwa kuyafanya yuko nyumbani Dar es Salaam, simu ameiweka kimya, anaangalia tamthilia "sehemu moja tu". Anapoishika simu tena ni saa 8 mchana, na dereva ameshapiga mara 11.

Huu ni mfano tu, lakini watu wa mipakani watautambua. Kazi nyingi za biashara ya nchi jirani sasa zinaweza kufanyika sebuleni, na sebuleni ndipo ilipo runinga.

Jinsi kazi ilivyofika nyumbani

Zamani wakala wa forodha alizunguka na mafaili mkononi kutoka dirisha hadi dirisha. Hali ilianza kubadilika nchi za Afrika Mashariki zilipoingiza mifumo ya forodha ya kompyuta. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambapo kadhia huandaliwa na kodi kulipwa wakati mzigo ukiwa bado kwenye bandari ya kwanza ya kuingilia. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia mwaka 2020, wengi walijikuta wakiifanya kazi hiyo wakiwa nyumbani.

Wakala mwenye leseni bado ana ofisi yake. Hata hivyo, kuandaa kadhia, kuomba vibali, kulipia, kufuatilia lori na kujibu wateja ni mambo yanayohitaji kompyuta, simu na intaneti tu. Kwa mmiliki wa malori mawili au matatu, mara nyingi nyumba ndiyo ofisi.

Kinachopotea si dakika, ni zamu

Anayefanya kazi peke yake, kama fundi cherehani, akipoteza nusu saa anaweza kuifidia usiku. Katika kazi ya shehena haiko hivyo. Kila hatua inasubiri mtu mwingine: benki, ofisa wa forodha, mkaguzi wa ubora, kampuni ya meli, dereva. Mipaka mingi mikubwa hufanya kazi usiku na mchana, lakini benki na baadhi ya wakaguzi wana saa zao. Nusu saa iliyopotea Ijumaa jioni inaweza kuzaa kusubiri hadi Jumatatu.

Ichukuliwe mfano wa mkataba unaotoza dola 150 kwa kila lori kwa siku ya kusubiri. Malori matatu yakilala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, gharama ni dola 1,350, bila kuhesabu posho ya madereva, tozo ya hifadhi bandarini wala tozo ya kuchelewa kurudisha kontena. Mzigo ukiwa nyanya au vitunguu, hasara haiishii hapo.

Kwa sababu hiyo, lengo la anayefanya kazi nyumbani lisiwe kukaa mezani saa nyingi. Lengo ni kupatikana na kuwa makini katika saa ambazo wengine wanamhitaji.

Kupanga siku kwa saa za wengine

Hatua ya kwanza ni kuandika saa za watu wote wanaohusika na mzigo. Saa 3 asubuhi ya Dar es Salaam ndiyo saa 3 ya Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura, Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe huwa ni saa 2. Dubai ni saa 4 asubuhi, na Guangzhou ni saa 8 mchana.

Kutokana na hesabu hiyo, ofisi ya China inayofunga saa 12 jioni kwa saa za kwao, kwa Dar es Salaam inafunga saa 7 mchana. Swali kuhusu hati ya shehena lisipotumwa asubuhi, jibu ni la kesho. Upande wa pili, ofisi ya Lubumbashi inayofunga saa 10 alasiri bado iko wazi saa 10 na nusu ya Dar es Salaam. Anayezima kompyuta saa 10 kamili ili kuwahi kijiweni anamwacha mteja wake hewani.

Mpango wa siku unaowafaa wengi ni huu:

- Saa 2 hadi 3 asubuhi: kujua kila lori lilipo na hali ya kila kadhia.
- Saa 3 hadi 7 mchana: kazi zinazohitaji akili iliyotulia, yaani kadhia, ankara, vibali, malipo na mawasiliano na wauzaji wa Asia.
- Saa 7 hadi 8 mchana: chakula na mapumziko kamili.
- Saa 8 hadi 11 jioni: ufuatiliaji, wateja na maandalizi ya kesho.

Simu moja, kazi mbili

Tatizo kubwa ni simu. Haiwezi kuzimwa, kwa kuwa dereva, namba ya malipo na ujumbe wa benki vyote hupita humo. Lakini simu hiyo hiyo ina vichekesho, video fupi, michezo ya kubahatisha na makundi ya mashabiki. Mtu anaifungua kuangalia eneo la lori, anaifunga baada ya dakika 40 bila kukumbuka alichofuata.

Dawa ni kuzitenganisha kazi hizo mbili. Mwenye uwezo awe na simu mbili: ndogo ya kawaida ya kupokea madereva, ambayo haina video, na ya kisasa inayobaki chumba kingine wakati wa kuandaa kadhia. Mwenye simu moja anaweza kuyanyamazisha makundi yote, akaacha mlio kwa namba za madereva, forodha, benki na wateja. Makundi ya WhatsApp ya kazi yasichanganywe na ya utani. Ikiwezekana, eneo la lori lifuatiliwe kwenye kompyuta.

Kompyuta ya kazi nayo isiwe ya michezo ya watoto. Nywila ya mfumo wa forodha ni sawa na saini ya wakala. Kinachotumwa kwa jina lake ni chake, hata kama aliyebonyeza ni mtoto.

Mpira na tamthilia

Kumwambia mtu wa mipakani asitazame mpira ni kujisumbua. Kinachowezekana ni kuipanga ratiba ya mpira kama inavyopangwa ratiba ya meli.

Mechi ya mapema ya Ligi Kuu ya Uingereza siku ya Jumamosi huanza saa 9 na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki katika miezi ya baridi ya Ulaya, na saa 8 na nusu saa za Ulaya zinaposogezwa mbele. Mwenye mzigo njiani Jumamosi amalize malipo kabla ya hapo. Mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa Ulaya nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku. Hizo haziingilii saa za kazi, lakini mechi ya saa 5 humalizika karibu saa 7 usiku. Tarakimu moja iliyokosewa na mtu mwenye usingizi inatosha kusimamisha mzigo.

Tamthilia ni rahisi zaidi kwa kuwa hurudiwa. Zinaweza kusubiri jioni. Runinga inayowashwa asubuhi "kwa ajili ya habari tu" ni heri ibaki imezimwa.

Chumba na watu wa nyumbani

Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wahudumu wa simu waliofanya kazi nyumbani waliongeza ufanisi kwa asilimia 13. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Walioshiriki walitakiwa kuwa na chumba cha kufanyia kazi. Na baada ya jaribio, karibu nusu yao waliamua kurudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke.

Si kila nyumba ina chumba cha ziada. Meza iliyogeukia ukuta, mbali na runinga, inasaidia. Familia nayo ielezwe saa za kazi waziwazi, kwani ndugu akimkuta mtu nyumbani hudhani hana shughuli. Kuhusu upweke, kwenda ofisini au kukutana na mawakala wenzake siku moja au mbili kwa wiki kunampa mtu habari za njiani ambazo haziko kwenye mfumo wowote.

Kabla ya kuwasha runinga

Burudani si adui. Aliyefanya kazi saa 8 anastahili kupumzika. Kabla ya kukaa kitini, ajiulize maswali manne:

1. Je, kila lori limejulikana liko wapi na litalala wapi?
2. Je, kuna kadhia iliyorudishwa ambayo haijarekebishwa?
3. Je, kuna malipo ambayo muda wake unakwisha leo?
4. Je, dereva anajua namba ya kupiga usiku, na simu hiyo ina mlio?

Majibu yakiwa sawa, mpira utazamwe kwa raha. Likibaki moja, limalizwe kwanza, kwa kuwa dereva aliye kwenye foleni ya mpakani hana pa kubadilishia chaneli.