Mwani: Chakula cha Kale na Maji ya Mara

Mwitongo, huko Butiama, hujulikana kwa kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa hapo mwaka wa 1999. Wenyeji wa nchi ile hula ugali wa mtama, ulezi au muhogo, na kitoweo chao aghalabu ni mboga, maziwa na dagaa watokao Ziwa Viktoria upande wa Musoma. Siku hizi husifiwa mno unga wa mwani uitwao spirulina, kuwa ni chakula kishindacho vyakula vyote. Basi yafaa sifa hiyo ipimwe kwa mizani ya historia.

Kula mwani si jambo jipya. Wahispania walipoingia Tenochtitlan mwaka wa 1519, askari Bernal Díaz del Castillo aliona sokoni vikate vilivyotengenezwa kwa utando wa ziwani, vyenye ladha kama ya jibini. Baadaye maji ya Ziwa Texcoco yalikaushwa, na desturi ile ikafa. Lakini kando ya Ziwa Chad wanawake wa Kanembu hawakuiacha: huteka mwani, huuchuja, huuanika juu ya mchanga, kisha huufanya mchuzi wa kulia ugali wa mawele. Mwaka wa 1940 Mfaransa Dangeard aliandika habari zake, na katika miaka ya 1960 Mbelgiji Jean Léonard akauchunguza tena. Hata Tanzania mwani wa jamaa hiyo humea katika maji ya magadi ya Natron na Momela, nao ndio chakula cha heroe wadogo.

Sifa zake zina msingi. Ukikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na una madini ya chuma kwa wingi. Hata hivyo, kijiko kimoja, yaani gramu 7 hivi, hutoa gramu 4 tu za protini, hali yai moja hutoa 6. Tena sehemu kubwa ya vitamini B12 inayotajwa ndani yake haiufai mwili wa binadamu.

Iko pia hatari iliyo kubwa kuliko upungufu huo. Utando wa kijani uelea­o katika ghuba za Ziwa Viktoria si spirulina. Mara nyingi ni Microcystis, ambao waweza kuwa na sumu iharibuyo ini, wala sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Rangi ni moja, tabia mbalimbali. Mama atakayeusikia mwani ukisifiwa, kisha akauteka ziwani ampe mwanawe, atakuwa amemnywesha sumu kwa nia njema.

Wanawake wa Kanembu waliyajua maji yao kwa kurithishana maarifa kizazi hata kizazi. Anayeiga chakula chao pasipo maarifa hayo ameiga nusu tu. Spirulina iliyooteshwa katika vidimbwi safi yaweza kumsaidia mtoto aliyedhoofika, lakini ni nyongeza ya mlo, si mlo wenyewe. Kwa watu wa Mara, dagaa, maharage na mchicha bado ni hazina iliyo karibu zaidi, nayo haihitaji kununuliwa kwa bei ya dawa.