Ngoma Inapotoka Matangani: Fumbo la Wapadhola, Majirani Zake na Yangge ya China

Makala hii inajadili swali moja: ngoma ya jadi inapoondolewa katika tukio lililoizaa, hubaki nini? Mfano wetu mkuu ni fumbo, ngoma ndefu ya Wapadhola wa Nabuyoga na sehemu nyingine za Tororo, mashariki mwa Uganda.

Fumbo huhusishwa na matanga. Kabla ya kuwa burudani, mlio wake ni taarifa: ukoo umefiwa, na jamaa waje. Anayecheza hapo hushiriki msiba. Leo ngoma za jadi za Uganda hupandishwa pia jukwaani, katika mashindano ya shule, ambako mchezaji hupewa dakika na alama. Mdundo waweza kuwa ule ule, lakini hakuna aliyefiwa.

Majirani wanatuonyesha uzito wa jambo hili. Bigwala, muziki wa mabuyu na uchezaji wa Wasoga, ulifungamana na kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Falme zilipofutwa nchini Uganda katika miaka ya 1960, ulipoteza mahali pake, na mwaka 2012 UNESCO iliuorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, upande wa Kenya, iliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2014.

China inatupa mfano wa namna nyingine. Yangge, ngoma ya wakulima wa kaskazini, ilichezwa hasa wakati wa Mwaka Mpya. Baada ya hotuba za Mao Zedong kuhusu sanaa, zilizotolewa Yan'an mwaka 1942, Chama cha Kikomunisti kiliifanya chombo cha kueneza siasa vijijini, na utani wake wa kimapenzi ukaondolewa. Yangge haikufa, ilienea zaidi. Hata hivyo, kilichoenea hakikuwa na maana ile ile.

Kwa hiyo, kuendelea kuchezwa si ushahidi wa kutosha kwamba ngoma imehifadhiwa. Bigwala ulififia kwa kukosa tukio. Yangge ilistawi kwa kupewa tukio jingine. Mtafiti anayerekodi fumbo asiishie kwenye sauti na hatua za miguu. Aandike pia ni nani hupigiwa, nani huruhusiwa kupiga, na lini ni mwiko. Wazee wanaojua majibu hayo nao huzikwa, na ndio wanaostahili kuulizwa kwanza.