Uchoraji wa kihandisi

Uchoraji wa kihandisi (pia: uchoraji wa kiufundi) ni stadi ya kuonyesha umbo na vipimo vya kitu kwa kufuata kanuni maalumu, ili mtu mwingine aweze kukitengeneza bila kumwuliza aliyekichora. Nchini Tanzania hufundishwa katika shule za sekondari za ufundi, kama zile za Moshi, Tanga na Ifunda, na katika vyuo, kikiwemo Chuo cha Ufundi Arusha. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa kompyuta.

Historia

Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Mfaransa Gaspard Monge (1746–1818), aliyeonyesha namna ya kuchora kitu cha pande tatu kwenye karatasi bapa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini. Mwaka 1982 ilitolewa programu ya AutoCAD, ambayo ilitumika kwenye kompyuta ndogo za mezani na baadaye ikaenea duniani.

Mambo yanayofundishwa

Mwanafunzi huanza kwa kuchora kitu kimoja kikitazamwa kutoka mbele, juu na ubavuni. Kuna njia mbili za kupanga sura hizo:
- Pembe ya kwanza, inayotumika sana Ulaya: sura ya juu huwekwa chini ya sura ya mbele, na sura ya kushoto huwekwa kulia.
- Pembe ya tatu, inayotumika Marekani: sura ya juu huwekwa juu, na sura ya kushoto hubaki kushoto.

Fundi akichanganya njia hizo mbili, tundu lililotakiwa kuwa kushoto linaweza kutobolewa kulia, na chuma kikawa hasara. Kwa hiyo kila mchoro hupaswa kuonyesha alama ya njia iliyotumika.

Mistari nayo ina maana. Mstari mnene usiokatika ni ukingo unaoonekana, mstari wa vikato ni ukingo uliofichika, na mstari mwembamba wa kikato kirefu na kifupi ni mhimili wa katikati. Kuhusu skeli, ukuta wa mita 4 ukichorwa kwa 1:100 huwa na urefu wa milimita 40 kwenye karatasi, lakini kipimo kinachoandikwa ni kile halisi.

Kutoka ubaoni hadi kompyuta

Kwa mkono, mwanafunzi hutumia ubao, rula ya T, bikari na penseli, na huchagua skeli kabla ya kuanza. Kwenye kompyuta huchora kwa ukubwa halisi, na skeli huchaguliwa wakati wa kuchapa. Akitengeneza umbo la pande tatu, programu huweza kutoa sura zote yenyewe, na badiliko moja huingia katika sura zote.

Hata hivyo, programu huchora mstari safi hata mahali pasipofaa. Mwanafunzi asiyeweza kuona umbo akilini anaweza kutoa mchoro nadhifu wa mashine ambayo bolti yake haifikiwi na spana. Ndiyo sababu michoro ya mkono bado ina nafasi katika mafunzo: humlazimisha mwanafunzi kufikiri kabla ya kuchora.

Arusha

Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Ujerumani Magharibi, ili kuandaa mafundi sanifu. Mjini humohumo ipo TEMDO, taasisi ya serikali inayobuni mashine na vifaa, vikiwemo vya hospitali. Kazi ya aina hiyo huanzia kwenye mchoro.

Mchoro unahitajika pia katika ujenzi wa kawaida. Anayejenga nyumba katika kata ya jiji kama Lemara hutakiwa kuambatanisha michoro anapoomba kibali cha ujenzi.

Lugha ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza, ilhali kwenye karakana na maeneo ya ujenzi mazungumzo huwa kwa Kiswahili. Hivyo fundi sanifu huwa pia mkalimani: husoma mchoro wenye maelezo ya Kiingereza, kisha huwaeleza mafundi kwa maneno yao. Mistari na alama, zikichorwa kwa kanuni, hazihitaji kutafsiriwa.

Tazama pia
- Uhandisi
- Jiometri
- Kompyuta