Moto wa Uani: Tarehe Fupi ya Meko ya Udongo katika Nyanda za Juu

Mtu aliyezaliwa pwani, ambaye jua la Unguja au la Tanga limemfundisha tangu utoto kuukimbia moto mara chakula kiivapo, akifika Iringa mwezi wa Juni au wa Julai hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kuwa watu wazima, wenye akili timamu na kazi za kufanya, huketi wakauzunguka moto usio na chungu juu yake. Moto huo haupiki kitu. Umekokwa uani ili uotwe. Na kwa kuwa mji ule umekaa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mufindi na Makete zimeupita kwa urefu, ambako asubuhi nyingine za kipupwe nyasi huamka zimetanda sakitu, kuota moto huko hakuhesabiwi kuwa anasa wala uvivu, bali ni sehemu ya maisha kama kulala na kula.

Kalenga ni kijiji kilicho kando ya mto wa Ruaha Mdogo, safari ya kilometa kama 15 kutoka mji wa Iringa, na aghalabu mgeni hukiendea kwa ajili ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorejeshwa kutoka Bremen na kukabidhiwa na Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954. Hapo ndipo ilipokuwa ngome yake, yenye ukuta wa mawe, ambayo Gavana wa Kijerumani, von Schele, aliipiga kwa mizinga na kuitwaa tarehe 30 Oktoba 1894. Na hapo ndipo ulipokuwa mji wa Iringa wa kwanza, kabla Tom von Prince hajauanzisha ule wa sasa mwaka 1896. Tarehe ya mahali hapo, kama ilivyoandikwa, imejaa moto, lakini ni moto wa baruti, na moto uliotiwa vijijini na mashambani katika ile miaka minne ya msako hata Mkwawa alipojiua mwezi wa Julai 1898. Moto mwingine, ule mdogo uliowapikia askari ugali kabla hawajatoka kwenda kupigana, hauna mwandishi. Huo ndio nitakaousema hapa, pamoja na udongo uliouhifadhi, maana mambo hayo mawili hayakupata kutengana.

Nyumba ya Mhehe wa zamani ilikuwa tembe: jengo refu la pembe nne, kuta zake miti iliyokandikwa kwa udongo, na paa lake bapa, nalo limefunikwa udongo, likiuzunguka ua ambamo ng'ombe waliweza kulala salama. Ernst Nigmann, afisa wa Kijerumani aliyetoa kitabu chake juu ya Wahehe mwaka 1908, aliikuta nyumba hiyo ingali ndiyo kawaida ya nchi. Haikuwa na dohani. Moshi ulipanda, ukagonga boriti, ukazunguka, ukatafuta mlango, na katika safari hiyo ulifanya kazi ambazo mgeni hakuziona: uliikausha na kuigumisha miti ya paa isiliwe na mchwa, ukayafukiza mahindi ya mbegu yaliyowekwa juu ya uchaga mpaka fukusi wakakosa makao, na ukawafukuza mbu wachache waliothubutu kupanda mpaka nchi ya baridi. Nimewasikia wazee wakiusifu moshi huo kwa maneno matamu sana. Lakini nimetambua kwamba wanaousifu ni wanaume, ambao desturi iliwaketisha karibu na mlango, na kwamba wanawake, waliouinamia miaka arobaini wakipuliza kwa pumzi yao wenyewe, hukohoa kidogo na kunyamaza.

Meko yenyewe yalikuwa mafiga matatu. Palipo na mawe yalitumika mawe, na palipokosekana mawe ya kufaa yalifinyangwa madonge ya udongo wa kichuguu, ambao mchwa ameukanda tayari ukawa laini, unaoshikamana, na unaostahimili moto kuliko udongo wa shambani. Kuna watu wanaoyadharau mafiga kwa kuwa hayana ufundi ndani yake. Walakini ni jiko lisilogharimu kitu, linalochukua chungu cha kila kadiri, linalokubali gogo refu lisukumwe kidogo kidogo bila kuchanjwa, na linalohamishika: mvua ikinyesha hupelekwa ndani, kiangazi kikiingia hutolewa nje. Aibu yake ni moja, nayo ni kubwa. Upepo hulipitia pande zote tatu, na sehemu kubwa ya joto la kuni huenda kuwapasha moto malaika wa mbinguni.

Hapo uani, jioni, moto wa kupikia uligeuka kuwa moto wa kuota, na moto wa kuota uligeuka kuwa baraza. Wasukuma wanao moto wao wa namna hiyo, wauitao shikome, ambao wanaume waliuzunguka baada ya kazi wakazungumza mashauri na kuwafunza vijana; na huku kusini mambo hayakuwa mbali na hayo, hasa wakati wa mvua, ugemwapo ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo Iringa imeifanya fakhari yake. Kesi ndogo ndogo za mbuzi aliyekula mimea ya jirani ziliamuliwa hapo. Mahindi mabichi yalichomwa hapo. Bibi alisimulia hadithi hapo, na asubuhi mtoto alitumwa kwenda kuomba kijinga kwa jirani ambaye moto wake haukuzimika, jambo ambalo lilimlazimu kila mmoja kuishi kwa wema na jirani yake, apende asipende.

Sasa na tuteremke kwenda Ziwa Nyasa, maana chungu kilichoinjikwa juu ya mafiga hayo mara nyingi kilitoka mbali. Chini ya milima ya Livingstone, katika ukanda mwembamba wa nchi baina ya mlima na maji, wanakaa Wakisi, ambao hawakujaliwa ardhi ya kutosha kulima lakini walijaliwa udongo mzuri na ziwa lenye samaki. Wanaume wao wakawa wavuvi, na wanawake wao wakawa wafinyanzi ambao sifa zao zimefika Mbeya, Iringa na mbali zaidi. Kijiji cha Ikombe, kinachofikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu kutoka Matema, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Vyungu hupakiwa mitumbwini, vikavushwa mpaka pwani ya Wanyakyusa, na zamani, kabla fedha haijaenea, vilibadilishwa kwa chakula, kwa maana Mnyakyusa alikuwa na ndizi na nafaka, na Mkisi alikuwa na njaa na ustadi.

Mfinyanzi huyo hatumii gurudumu. Donge huwekwa juu ya kigae kipana, naye hulizungusha kigae hicho kwa mkono mmoja huku mwingine ukiinua kuta, ukizikwangua, ukizilainisha, hata chungu kikapata tumbo la mviringo ambalo mashine ingeona haya mbele yake. Hukaushwa kivulini, kwa subira, kwa sababu jua kali hukausha nje kabla ya ndani na chombo hupasuka. Kisha husuguliwa mpaka king'ae, hutiwa nakshi ya udongo mwekundu na mweupe, na huchomwa peupe, bila joko la kujengwa, kwa nyasi na kuni zilizorundikwa juu yake. Moto huo wa kuchomea hauna ukali wa joko la matofali, na kwa hiyo chombo hutoka chenye vinyweleo, si kigumu mno, nacho kwa sababu hiyo hiyo huweza kutanuka na kunywea kila siku juu ya mafiga bila kuvunjika. Kigumu sana kingepasuka siku ya kwanza. Mafundi wa vyuo huyaeleza hayo kwa elimu ya kemia. Wanawake wa Ikombe waliyajua kwa vidole.

Ukipanda tena milima na kuelekea magharibi mpaka Ufipa, utakuta udongo umefanya jambo kubwa kuliko chungu. Huko yamesimama maporini malungu, yaani matanuri ya kuyeyushia chuma, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, marefu kama mita tatu, yenye matundu kuzunguka kitako chake. Hayakuhitaji mivukuto katika kazi ya kwanza ya kuyeyusha, kwa sababu urefu wake wenyewe uliuvuta upepo: hewa ya moto ilipanda ikitoka juu, na hewa ya baridi ikaingia chini kwa nguvu kushika nafasi yake, na moto ukawaka siku nyingi kwa pumzi yake mwenyewe. R. C. H. Greig aliieleza kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, wakati ambapo majembe ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuinyang'anya soko lake. Basi anayesema kwamba Mwafrika wa nyanda hizi hakuijua dohani, na aende akasimame chini ya lungu moja atazame juu. Aliijua sana, illa aliijenga kwa ajili ya chuma, akamwacha mkewe na moshi wake jikoni. Hukumu hiyo ni kali, nami siiondoi.

Dohani ya nyumbani ililetwa na wageni. Wamisionari wa Kibenediktini waliofika Tosamaganga katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walijenga kwa matofali ya kuchoma. Na baada ya mkutano wa walowezi ulioitishwa Tukuyu na Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, mwezi wa Oktoba 1925, walowezi wa Kiingereza na wengineo waliongezeka katika nchi za Iringa na Mufindi, wakipanda chai na mazao mengine, nao wakajenga nyumba zenye mahali pa moto ndani ya ukuta wa sebule. Mpishi wao alikuwa mwenyeji. Mchana alikoka moto ule wa ukutani usiojaza moshi chumbani, na jioni alirudi kwake kwenye mafiga. Lakini sijaona kwamba jambo hilo lilibadili nyumba za vijijini, kwa kuwa dohani inataka matofali, na matofali yanataka fedha. Kilichozibadili ni mabati, na baadaye kuhamishiwa kwa watu vijijini katika mwaka 1974, ambapo nyumba zilipangwa kwa mistari na tembe likabaki kumbukumbu.

Mkaa nao ulikuja na miji. Fundi wa bati alikata debe, akalitoboa, akapata jiko. Na katika miaka ya 1980, kwanza Kenya na kisha kwetu, mafundi waliweka ndani ya bati hilo kikombe cha udongo wa kuchomwa, ambacho hulizuia joto lisipotee ubavuni, na jiko likala mkaa mchache zaidi. Tazama jinsi udongo uliofukuzwa mlangoni ulivyorudi kwa heshima.

Na sasa, katika bustani za nyumba za kulala wageni na za matajiri wachache, huonekana chombo kingine, nacho asili yake ni Mexico: jiko la udongo lenye tumbo la mviringo, mdomo mpana mbele, na shingo ndefu juu itoayo moshi, likiwa limewekwa juu ya miguu ya chuma. Kule kwao ni kazi ya wafinyanzi, kama wale wa Tonalá na Tlaquepaque katika jimbo la Jalisco, miji yenye jina kubwa kwa ufinyanzi. Huko Marekani na Uingereza lilienea sana katika bustani tangu miaka ya 1990. Masharti yake yangemchekesha mama wa Ikombe, maana anayajua yote: mchanga utiwe chini ndani ya tumbo ili moto usiguse udongo, mioto ya kwanza iwe midogo midogo mpaka chombo kizoee, kisimwagiwe maji kikiwa cha moto, na kifunikwe wakati wa mvua. Sina neno baya juu ya chombo hicho. Shingo yake huvuta hewa kama lungu, tumbo lake ni chungu, na watu hukizunguka jioni wakazungumza. Linalonishangaza ni kwamba mtu wa Iringa alipie nauli ya meli kutoka ng'ambo ya bahari ili apate chungu chenye mdomo ubavuni, hali wenye mikono ya kukifinyanga wako safari ya siku moja kutoka kwake.

Neno moja la hadhari sharti lisemwe kabla sijaweka kalamu. Baridi ya kipupwe huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Na hewa ya sumu itokayo katika mkaa, ambayo haina rangi wala harufu, imewaua wengi kwa namna hiyo. Tembe lilikuwa na moshi mwingi, lakini moshi humwamsha mtu. Jiko la kuota, liwe la Mexico, la debe au la mafiga, mahali pake ni nje.

Basi mwenye bustani huko Iringa au Mbeya anayetaka moto wa udongo uani kwake, na ateremke Matema siku ya Jumamosi, ambapo vyungu vya Wakisi huuzwa katika soko la Lyulilo, achore mchangani umbo analolitaka, aeleze mdomo uwe wapi na shingo iwe ndefu kiasi gani, apatane bei bila kumwonea mfinyanzi, na alipe nusu kabla ya kazi kuanza.